Usukani Umfuate Mwenye Kuushika

Wasomaji wetu wengi ni wakulima, na hakuna mkulima asiyejua ya kuwa jembe hukatiwa mpini kwa kadiri ya mwenyewe. Mpini mfupi humvunja kiuno mtu mrefu, na mpini mrefu humchosha mtoto. Hapana aonaye haya kuupunguza au kuubadili. Walakini mtu yule yule akiingia katika motokaa, hujikunja na kujinyosha apate kuufuata usukani, kama kwamba chombo ndicho bwana na yeye ndiye mtumwa. Jambo hilo twapenda kulieleza hapa, maana lilitufikia nyumbani kwetu Ruhembe, na nusura litukosanishe na mjomba wetu.

Kwanza na tulitazame jina lenyewe. Usukani ni neno la mabaharia: ndio ule ubao wa nyuma ya chombo ugeuzao njia, na mwenye kuushika hushika mti uitwao kana. Motokaa za kwanza nazo zilikuwa na mfano wa kana. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 liliongozwa kwa mkono wa chuma, wala halikuwa na duara. Duara lilionekana mwaka 1894, katika mashindano ya kutoka Paris hata Rouen huko Ufaransa, Alfred Vacheron alipolitia katika gari lake la Panhard. Tangu hapo duara likaenea ulimwenguni. Ila katika magari mengi lilifungwa mahali pamoja tu, kwa kipimo cha mtu mmoja, na watu wengine wote wakaachiwa kujipatanisha nalo. Mafundi wachache waliiona shida hiyo mapema. Katika Jaguar E-Type, iliyotolewa mwaka 1961, mna pete nyuma ya usukani; ukiilegeza, waweza kuuvuta usukani au kuusukuma, kisha waikaza tena.

Sasa habari ya mjomba. Yeye aliendesha malori ya miwa miaka mingi, kutoka mashambani hata kiwandani. Malori yale yalikuwa na usukani mzito, wala hayakuwa na msaada wa mafuta ya kuulainisha kama yaliyo nao magari ya siku hizi. Basi alipostaafu bega lake la kuume lilikuwa limekwisha kuharibika. Mwanawe akaaye Dar es Salaam akamletea Datsun 240Z kuukuu, motokaa ya mbio yenye viti viwili. Gari la namna hiyo lina heshima katika nchi zetu: ndilo lililoshinda mashindano ya Safari mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973, likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mjomba alipoliona alilizunguka mara tatu bila kusema neno.

Furaha ile ilidumu hata alipoketi. Usukani ulikuwa mbali naye. Akikisogeza kiti mbele, magoti yaligusa duara. Akikirudisha nyuma, mikono ilinyoka kabisa, na bega likamwuma kabla hajafika njia panda. Zaidi ya hayo, mwenye gari wa kwanza alikuwa ameuondoa usukani wa kiwandani, akatia mwingine mdogo wa upana wa sentimeta 33, kwa ajili ya urembo. Na usukani mdogo ni mzito, kama vile ilivyo kazi kuing'oa nati kwa spana fupi.

Akatokea fundi mmoja wa kuchomea vyuma, akasema, "Hili ni jambo dogo. Nitaukata mhimili wa usukani, nitaunga kipande cha bomba, na jioni utaondoka nalo." Bei yake ilikuwa ndogo, na mjomba akakubali.

Hapo ndipo tulipofadhaika. Mhimili ule ndio uti wa mgongo wa motokaa. Kiungo kibaya kikikatika, duara hubaki mikononi likizunguka bure, na magurudumu hayana habari. Tena magari mengi ya zamani yalikuwa na mhimili wa chuma kizima, ulioelekea kifua cha dereva kama mkuki. Ndiyo sababu General Motors wa Marekani walianza kutia katika magari yao ya mwaka 1967 mhimili unaojikunja upatapo kishindo. Bomba la kuungwa kwa moto halijui kujikunja. Na njia zetu mwazijua. Wakati wa mavuno twapishana na matrekta yenye matela ya miwa. Na ukifika Mikumi, barabara kuu yapita katikati ya mbuga ya taifa iliyowekwa mwaka 1964, ambapo tembo, twiga na nyati huvuka wapendapo. Wala kiti cha pili hakingekaa kitupu, maana mjomba alikwisha kumwahidi mjukuu wake kumpeleka huko.

Lakini nani wa kumwambia? Sisi watu wa Uvidunda na Usagara twahesabu ukoo kwa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti nyumbani. Naye huyu ndiye aliyetulipia ada hata tukapata ualimu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ila hawakutuambia mkuu asiyesikia la mdogo huvunjika nini.

Tulikwenda kwake jioni, tukamwamkia, tukaketi chini. Hatukumwambia ya kuwa amekosa. Tulimwuliza tu, "Mjomba, katika miaka yako yote ya malori, ungekubali kupewa lori ambalo mhimili wake umekatwa ukaungwa?"

Akajibu upesi, "Hata kidogo! Ningemrudishia tajiri ufunguo wake."

Tukasema, "Basi, mjomba, ufunguo huu ni wako. Utamrudishia nani?"

Akanyamaza kitambo kirefu. Shangazi alitoka na chai, akatutazama, akarudi ndani. Kisha mjomba akasema, "Haya, walimu, kesho leteni futi yenu."

Asubuhi tulikwenda kwa fundi mwingine, mtu mzima asiye na haraka. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: usipime usukani kabla ya kiti. Alimketisha mjomba, mgongo ukiegemea sawasawa, akamwagiza akanyage klachi mpaka mwisho. Goti halipasi kunyoka kabisa hapo. Na libaki limepinda kidogo. Kisha akamwambia aunyoshe mkono juu ya duara bila kuliinua bega kitini. Kifundo cha mkono chapasa kulala juu ya duara. Kikifikia vidole tu, usukani u mbali. Vya mjomba vilifikia vidole.

Fundi akakikagua kiti, akakuta springi za mgongoni zimelegea, hata mjomba alikuwa akizama nyuma kama mtu aketiye katika kapu. Mshona viti akazibadili springi na kuujaza mgongo upya. Tulipopima tena, nusu ya shida ilikuwa imekwisha, na usukani haujaguswa.

Nusu iliyobaki ilitengenezwa bila kukata kitu. Usukani ule ulishikwa kwa skrubu sita katika kitovu chake. Fundi aliyanyosha magurudumu ya mbele, akaondoa waya wa betri, akatia alama ya chaki, akafungua skrubu. Akatia kipande cha alumini cha mviringo, unene wake sentimeta 5, kilichotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo. Na juu yake duara jipya la sentimeta 38. Kwa ukubwa ule nguvu ya mkono ilipungua karibu sehemu moja ya nane. Akaurefusha waya wa honi, akaugeuza usukani mpaka mwisho wa kushoto na wa kuume, asikie kama pana kinachokwaruza. Akapima na kifua pia: kutoka kitovu cha usukani kulizidi sentimeta 25, kwani usukani ukisogezwa mno huwa hatari nyingine. Mjomba akaendesha polepole katika uwanja wa shule, kisha skrubu zikakaguliwa tena.

Hatusemi ya kuwa kila kitu kilipona. Bega la mtu mzima halirudi ujana. Kijiti cha kuonyesha njia nacho kimekuwa mbali, imempasa mjomba kujifunza upya kukifikia. Na kwa kuwa duara ni kubwa, mikono husafiri zaidi katika kukata kona. Usiku haendi mbali. Lakini mjukuu amewaona twiga, na mjomba alirudi bila kulishika bega.

Wasomaji wetu, kama una lori, trekta, au motokaa ya zamani, fanya kwanza lile lisilo na gharama: rekebisha kiti, kisha jaribu goti na kifundo cha mkono. Ikiwa haitoshi, tafuta kitu cha kufungwa kwa skrubu, kiwezacho kufunguliwa kesho kikionekana hakifai. Ama mhimili wa usukani, usimruhusu mtu aukate, ajapokuwa rafiki yako na bei yake ni ndogo. Na ninyi vijana, mkimwona mkubwa wenu amekwisha kukubali jambo la hatari, msinyamaze kwa sababu ya heshima. Nendeni kwake jioni, mketi chini, mmwulize swali ambalo yeye mwenyewe alijua jibu lake kabla ninyi hamjazaliwa.