Nyumba ya Magurudumu Yapanda Marangu

Anayetoka Moshi mjini kwenda Marangu husafiri kilomita kama 40 tu, lakini katika mwendo huo mfupi nchi hubadilika kabisa. Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 juu ya bahari, na joto lake la Januari na Februari wenyeji wanalijua. Hadi Himo njia ni ya tambarare, jua na vumbi, mashamba ya mahindi huku na huku. Pale Himo unapinda kushoto, na mara gari laanza kunguruma likipanda. Migomba yasogea karibu na barabara, mibuni chini yake, na maji ya mifongo wayasikia hata kabla hujayaona. Ukifika lango la Marangu, wanapoanzia wapanda mlima, umekwisha kupanda hadi karibu mita 1,900, na bila sweta jioni hukai nje.

Katika barabara hiyo, kati ya malori ya ndizi na Noah zilizojaa abiria, siku hizi hupita pia motokaa za namna ya pekee. Ni nyumba zenye magurudumu. Wageni huja nazo kutoka Kenya kwa mpaka wa Holili. Wengine wameziendesha tangu Ulaya, wengine wamezishusha melini. Ndani mna kitanda, jiko, tangi la maji, taa na friji. Huenda msomaji akauliza mambo hayo yatuhusu nini sisi watu wa vihambani. Yatuhusu sana, maana umeme uliomo ndani ya nyumba hizo ni ule ule wa nyumba zetu zenye sola moja na betri moja, ila kule umesongamana mahali padogo, na kosa laonekana upesi.

Mwezi wa Oktoba 2024 bwana mmoja na mkewe, wazee wa Ujerumani waliokwisha kustaafu, waliegesha nyumba yao ya namna hiyo katika kiwanja kimoja juu ya Marangu Mtoni. Bwana yule ana ugonjwa wa kisukari, na insulini yake ya miezi miwili ilikuwa ndani ya friji. Siku ya pili asubuhi friji ilikuwa vuguvugu kama kabati la nguo, na taa za ndani hazikuwaka. Akaletwa fundi wa umeme wa magari kutoka Himo, nami nikaitwa kutafsiri.

Fundi ni kijana wa miaka kama 25. Alisema, "Shikamoo babu, shikamoo bibi," na yule mama akaitika "Marahaba" vizuri kabisa, jambo lililowafurahisha watoto waliojaa pale. Kisha, kabla hajafungua hata skrubu moja, akauliza: "Babu, friji hii tangu jana imekula nini?"

Swali hilo ndilo lenyewe. Friji nyingi za nyumba hizi zina vyakula vitatu: umeme wa betri ya gari, volti 12, umeme wa nyumbani, volti 230, na gesi ya mtungi. Hazina mashine inayozunguka ndani. Zinafanya baridi kwa moto. Wazee wetu watakumbuka friji za mafuta ya taa zilizokuwa katika misheni na hospitali: taa yawaka chini, barafu yaganda juu, na watu wanatikisa vichwa. Ni jamii moja. Wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, walizibuni mwaka 1922. Moto huchemsha dawa ya amonia iliyochanganywa na maji; amonia yapanda kama mvuke, yapoa na kuwa maji maji, kisha yageuka tena mvuke ndani ya friji na kuchukua joto la chakula. Mwisho hurudi chini yenyewe, kwa kutelemka tu katika mabomba yake.

Mzee alijibu kwamba friji ilikula betri usiku kucha. Fundi akacheka kidogo kwa adabu. Friji ya namna hii ikila betri hutumia wati kama 120, yaani ampea 10 kila saa bila kupumzika. Betri ya ampea 100 haifai kunyonywa zaidi ya nusu, kama ni ile ya kawaida ya risasi na asidi, la sivyo itakufa kabla ya wakati wake. Hesabu si ngumu: saa tano, nusu imekwisha. Chakula hicho cha volti 12 ni cha safarini, wakati injini inazunguka na dainamo yarudisha kinachotoka. Injini ikizimwa, friji ihamishiwe kwenye gesi au kwenye umeme wa nyumba.

Motokaa yenyewe iliwaka vizuri ilipopigwa ufunguo, maana nyumba hizi huwa na betri mbili, moja ya kuwasha injini na moja ya nyumba. Katikati mna swichi inayoziunganisha injini inapozunguka na kuzitenga inapozimwa. Mimi nauona huo kuwa mpango bora kuliko yote yaliyomo, afadhali hata ya kile kitanda. Mtu aweza kulala gizani, lakini asubuhi ataondoka.

Hapo alikuwepo mzee mmoja wa jirani, mmoja wa wanaosimamia mfongo wa mtaa ule. Alikuwa amesimama kimya, mikono nyuma. Nilipomweleza haya alisema, "Basi betri ni nduwa." Sikuona mfano ulio bora kuliko huo. Nduwa ni lile bwawa dogo ambamo maji ya mfongo hukusanywa usiku ili asubuhi yawe na nguvu ya kufika mashambani. Dainamo na sola ni mto. Betri ni nduwa. Waya ni mifereji. Na kila mfereji una mlango wake. Wote wakifungua kwa pamoja, wa mwisho hapati kitu. Na anayetaka maji mengi hana budi kuchimba mfereji mpana.

Neno hili la mfereji mpana watu hulidharau. Birika la umeme la wati 1,000 katika umeme wa nyumbani hutaka ampea nne na kitu, na waya wake ni wa kawaida. Birika hilo hilo likitumia betri ya volti 12 kwa kupitia inveta, betri itatoa ampea zaidi ya 83. Waya mwembamba hapo utapata moto na kuyeyuka. Ndiyo sababu ya fyuzi, na fyuzi hukaa karibu na betri, kwa kuwa kazi yake ni kulinda waya mzima na siyo chombo kilicho mwishoni. Anayefunga kipande cha waya mahali pa fyuzi iliyokatika amefungua mlango wa moto. Hata friji ndogo ya mashine, ile ya kompresa inayochukuliwa na magari ya safari za mbugani, ikipewa waya mwembamba na mrefu, volti 12 hupungua njiani, nayo hujizima ikidhani betri imekwisha. Mwenyewe atanunua betri mpya bure.

Basi fundi akahamishia friji kwenye gesi. Ikawaka, lakini baada ya saa mbili bado hakuna baridi ya maana. Fundi akatoka nje, akaitazama gari kutoka mbali, akaomba pima maji ya mwashi aliyekuwa akijenga ukuta jirani. Akaiweka ndani ya friji. Tone lilikimbilia pembeni kabisa.

Kumbukeni nilivyosema, kwamba maji yale ya amonia hurudi kwa kutelemka. Friji ikilala upande, hayarudi. Hutuama njiani kama maji ya mfongo uliochimbwa vibaya, huku moto ukiendelea kuchemsha mabomba makavu. Ikikaa hivyo muda mrefu, mabomba huziba na friji yafa, wala haitengenezeki. Njiani hakuna neno, kwa kuwa gari latikisika huku na huku. Hatari ni pale linaposimama. Na hapa kwetu kiwanja kilicho sawa utakipata wapi? Yule mzee wa mfongo ndiye aliyeonyesha mawe ya kuweka chini ya magurudumu ya upande wa bonde. Wakalipandisha gari juu ya mawe na mbao mpaka tone likakaa katikati. Kazi ya nusu saa.

Liko jambo la pili la mlima. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi, na moto wa gesi hupungukiwa. Friji nyingi za gesi huanza kudhoofika ukipita mita 1,000 hivi. Katika mji wa Moshi zafanya kazi. Kule langoni mwali huwa wa manjano, wenye masizi, au huzimika wenyewe. Huko juu chakula kinachofaa ni umeme wa nyumba.

Lakini umeme huo nao wataka macho. Plagi za Ulaya hazilingani na soketi zetu za matundu matatu, na wageni hutumia viunganishi vya dukani ambavyo vingine havina njia ya kwenda ardhini. Nyumba ya magurudumu ni bati juu ya mipira. Waya mmoja ukichubuka na kugusa bodi, bati lote lina umeme, na hakuna atakayejua mpaka mtu aliyesimama peku katika udongo wa mvua ashike mpini wa mlango. Watoto waliolizunguka gari lile walikuwa peku, na mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Fundi alikikataa kiunganishi cha mzee, akaufunga mwingine wenye waya wa ardhi, akapima kwanza, ndipo akaruhusu kuchomeka. Aliwafukuza na watoto pia, kwa sauti ambayo hakuitumia kwa babu.

Wakati tukingoja, tuliizungumza insulini. Ile ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na isigande kamwe. Iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Chupa inayotumika huvumilia nje ya friji wiki nne hivi, mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30, kwa kufuata karatasi yake. Kwa hiyo usiku mmoja wa baridi ya Marangu haukuiharibu. Hofu ilikuwa bonde. Siku mbili za kuegesha juani Himo bila friji zingekuwa habari nyingine. Yule mama alitiwa moyo alipoonyeshwa mtungi wa udongo uliowekwa ndani ya mwingine, mchanga mbichi katikati, ambao nyumba isiyo na friji yaweza kuutumia. Haufikii nyuzi 8, lakini hupunguza joto la mchana.

Sola iliyokuwa juu ya paa la gari ilikuwa haifanyi lolote. Waliegesha chini ya migomba na mruka, kivuli kizuri cha kukalia, na mawingu ya mlima hushuka kila adhuhuri. Hapa ndipo mlima unapowachanganya wageni: huku juu friji yahitaji nguvu kidogo, lakini jua ni haba; chini Himo jua ni tele, lakini friji yahangaika mchana kutwa. Fundi aliwashauri washuke na friji iliyokwisha kupoa, na kila wanaposimama waangalie pima maji kwanza, swichi ya chakula pili.

Alidai shilingi 30,000 na nauli yake. Mzee alimpa 50,000, na fundi akamrudishia yule mwashi pima maji yake.