Bwawa Halikai Tupu

Kwa miaka 34 niliwafundisha watoto kwamba bakteria ni adui. Ndivyo nilivyotoka nayo Chuo cha Ualimu: chemsha maji, nawa mikono, fukia taka. Somo hilo silijutii. Lakini lilikuwa nusu tu, na nusu ya pili nimefundishwa uzeeni, kando ya bwawa la kambamiti.

Mpwa wangu alichimba bwawa hilo karibu na Bagamoyo mwaka 2016. Alipokuja kuniomba shauri, nilimjibu kwa sauti yangu ya ukuu wa shule: "Mwaga klorini, ua kila kitu, ndipo uweke vifaranga." Akatii. Mwezi wa pili kamba wakaanza kufa. Usiku tukikoroga maji kwa ufito, yaling'aa. Bwana samaki akachukua kamba wachache na chupa ya maji. Majibu yakarudi kwamba ni vibrio, bakteria wa maji ya chumvi. "Mwalimu," akaniambia kwa upole, "bwawa halikai tupu. Ukiua wote, anayetangulia kurudi ni yule anayezaana upesi, na mara nyingi ndiye mbaya."

Msimu uliofuata tulijaribu probiotiki, yaani bakteria wema wa jamii ya Bacillus, waliokaushwa wakawa unga. Mpwa wangu huwakoroga na molasi na maji, huwapulizia hewa usiku kucha, kisha huwamwaga bwawani asubuhi. Hula mabaki ya chakula na uchafu ulio matopeni, na kuwabana vibrio wasipate nafasi. Si uchawi. Ukilisha kupita kiasi, au hewa ikipungua majini, hawatakuokoa. Na ukimwaga tena klorini, unawaua wao pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulieleza habari za Indonesia: mashamba yasiyowatumia yalipoteza kamba kabla ya siku 80, na lililowatumia lilifuga zaidi ya siku 160. Nasi tulivuna. Hakutajirika, ila deni alilipa.

Ndugu msomaji, habari ya bwawa imekwisha. Iliyobaki ni yangu. Mwaka 1988 nilimfukuza shule kijana wa darasa la sita, mkorofi kweli kweli, nikiamini darasa litasafika. Kabla ya muhula kwisha walikuwa wamezuka wakorofi watatu, na dawati lake lilikuwa bado tupu. Nilijua kuondoa, sikujua kupanda. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza ni mwenzake yupi ningemketisha karibu naye.

Walimu vijana hunijia hadi leo kutaka shauri juu ya watoto watundu. Huwachukua kwanza bwawani, nikawaonyesha ule unga. Jina la kijana yule bado nalikumbuka. Alipo, sijui.