Flashi ya buku saba: mali au kimeo?

Wiki hii tuache kidogo habari za mapenzi na mitindo ya nywele, maana kuna kidubwana kimoja kinawaliza watu hapa mjini kuliko hata hao wapenzi. Nazungumzia flashi. Hiyo hiyo inayoning'inia kwenye funguo za dereva wa bajaji, hiyo hiyo iliyochomekwa kwenye sabufa ya jirani yako tangu Ijumaa na hakuna anayelala.

Najua kuna wajanja wameshaanza kucheka. "Sista, flashi tena? Si kuna WhatsApp?" Hao ni watu wa bando la mwezi na kompyuta mezani. Mimi nina cheti cha Kidato cha Nne, kalamu na daftari. Makala zangu naziandika kwa mkono, kisha naenda kuzichapa kwenye steshenari moja huku Gerezani inayotoza kwa saa. Nikimaliza naziweka kwenye flashi, natembea kwa mguu hadi gazetini, namkabidhi mhariri. Flashi ikifa njiani, jina langu halitoki, na jina lisipotoka hakuna mshiko. Mwandishi wa kujitegemea halipwi kwa kujaribu.

Na siko peke yangu. Pita Kariakoo uhesabu. Kuna vijana wana kompyuta moja na spika, kazi yao ni kukuingizia nyimbo na muvi za kutafsiriwa. Wanafunzi wana vyeti vyao vilivyoskaniwa, wanahangaikia fomu za mkopo wa chuo. Kuna mafundi, kuna wapiga picha za harusi, na ma-DJ wa vigodoro ambao bila flashi hawana ngoma. Mji mzima umebebwa na kitu chenye ukubwa wa kidole gumba.

Basi ya kwangu ya zamani ilipokata roho, baada ya miaka miwili ya utumishi, nikashuka Mtaa wa Aggrey kutafuta nyingine. Aggrey unaijua. Simu, chaja, kava, eafoni, na vijana wanaokushika mkono kabla hujasema unataka nini. Nikaingia duka ambalo mwenyewe hajanishika mkono.

"Karibu dada yangu. Flashi? Zipo za kila aina. Hii hapa GB 8 elfu kumi, hii GB 128 elfu kumi na mbili."

Hapo nikashtuka. GB nane elfu kumi, halafu mara kumi na sita yake kwa kuongeza elfu mbili tu? Hata nyanya za Ilala haziendi hivyo.

"Kaka, hiyo kubwa mbona bei ya kutupa?"

"Ofa hiyo sista. Mzigo umeshuka."

"Geranti?"

"Geranti ni hapa hapa kwenye kaunta. Ukivuka mlango, mali ni yako."

Nikachukua ile ndogo. Tukavutana hadi akashuka elfu saba. Haina jina la maana, ni ya plastiki nyeusi yenye kifuniko, imeandikwa 8GB kwa rangi nyeupe ambayo ukiikwangua kwa kucha inatoka. Nimekaa nayo mwezi mzima sasa, kwa hiyo ninachosema hapa sikisemi kwa kubahatisha.

Tuanze na swali linalowagombanisha wengi na wenye maduka. Ukiichomeka, kompyuta inakwambia ina GB 7.4 na ushee. Watu wanapiga kelele kuwa wamepunjwa. Hapana, hapo hujapunjwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu elfu, wakati kompyuta ya Windows inahesabu kwa 1,024. GB 8 za kiwandani ni karibu 7.45 za kompyuta. Kilo ile ile, ila mizani mbili. Na kwa kazi yangu mimi hizo GB ni bahari. Makala moja ya maneno kama haya haifiki hata KB 30. Nimepiga hesabu nikacheka mwenyewe, zinaingia laki mbili na nusu na zaidi! Kwa malipo ninayopewa nikiandika zote hizo nahamia Masaki.

Tena tukumbuke tulikotoka. Kaka zetu walibeba disketi ya MB 1.44, pana kama kiganja, ukiiweka karibu na sumaku umekwisha. Flashi za kwanza ziliingia sokoni mwaka 2000, kampuni ya Trek ya Singapore na IBM ya Marekani zikiwa mstari wa mbele, na ile ya IBM ilikuwa na MB 8 tu. Yangu ya elfu saba inazibeba nane kama hizo mara elfu moja. Sony nao wakafunga kazi ya kutengeneza disketi mwaka 2011. Kwa hiyo tusidharau sana.

Spidi sasa. Hapa ndipo elfu saba inapojionyesha. Niliweka nyimbo za GB moja, saa ukutani ikasoma dakika nne na nusu. Kuzisoma kutoka kwenye flashi kwenda kwenye kompyuta ilikuwa kama dakika moja. Ni USB 2, ile ya zamani, na chipu yenyewe ni ya bei chee, kwa hiyo kuandika kunakwenda kwa mwendo wa daladala la Gongo la Mboto saa kumi na moja jioni. Kwa makala, vyeti na nyimbo chache, hutaona tofauti. Kama wewe ni mpiga picha wa harusi una GB sita za kumpa bibi harusi anayesubiri mlangoni, nunua nyingine.

Kuna kamtego kengine ka muvi. Unaweza kuwa na nafasi ya kutosha, bado flashi ikakataa faili moja lenye zaidi ya GB 4. Si ubovu. Flashi hizi zinakuja na mpangilio unaoitwa FAT32, na huo hauruhusu faili moja kuzidi hapo. Kijana wa steshenari atakwambia "nikufomatie NTFS". Mwache kwanza! Sabufa nyingi za bei ya kawaida na redio za magari zinaelewa FAT32 tu. Utapata muvi yako, lakini redio itabaki inakutolea macho. Yangu nimeiacha kama ilivyo, na imepiga kwenye sabufa ya shemeji na kwenye bajaji mbili bila kinyongo.

Sasa virusi. Jamani, steshenari zetu! Kompyuta moja kwa siku inachomekwa flashi za mtaa mzima, halafu dawa ya virusi iliisha muda wake zamani. Wiki ya kwanza tu nilitoka na ule ugonjwa maarufu, mafolda yote yamegeuka kuwa na kimshale pembeni, na makala zangu hazionekani. Mwenye duka akaniambia kwa upole kuwa "zimefutika dada, tufomati". Zimefutika wapi! Ugonjwa huo mara nyingi haufuti, unaficha tu mafaili halisi na kukuwekea vimshale vya bandia ili ubofye uusambaze. Hubofyi kimshale hata kimoja. Unatafuta kompyuta yenye dawa inayofanya kazi, unaisafisha, halafu mtu anayejua amri ya "attrib" anaondoa ule ufichaji na mafaili yanarudi kama yalivyokuwa. Zangu zilirudi zote. Angenifomatia, ningeandika upya makala mbili kwa kichwa.

Na mkiwa hapo hapo steshenari, mwangalie mikono. Wengi kabla ya kuprinti wanakopi kwanza kwenye kompyuta yao. Cheti chako cha kuzaliwa, namba ya NIDA na picha yako vinabaki pale, na kesho anakaa mwingine. Mimi nasema wazi kabisa, "kaka, naomba ufute na kule kwenye takataka ufute pia." Wengine wananuna, lakini hatujafika polisi.

Lakini nililotaka hasa kukusimulia ni ile GB 128 ya elfu kumi na mbili niliyoiacha pale dukani.

Kuna dogo mtaani kwetu anafanya singeli. Sitamtaja, ila akipita unamjua kwa suruali. Baba hayupo, mama anauza maandazi Buguruni, na yeye mchana anabeba mizigo Mtaa wa Congo ili alipie studio kwa saa. Miezi saba amerekodi nyimbo ishirini na tatu. Alipoambiwa na mwenye studio kuwa kompyuta imejaa, kila mtu abebe chake, akaenda kununua flashi. Hakwenda dukani, alinunua kwa mmachinga njiani Msimbazi. GB 128, pakiti imefungwa vizuri, jina kubwa la kampuni limeandikwa juu, bei ya kirafiki. Akahamisha kazi zake zote. Si MP3 zile nyepesi, ni mafaili mazima ya studio na vipande vyake, wimbo mmoja unakula kama MB 700. Kompyuta haikulalamika. Ikaonyesha majina yote ishirini na tatu, na nafasi tele imebaki. Mwenye studio akafuta za kwake.

Wiki iliyofuata akapata mtu wa kumtengenezea nyimbo kwa ajili ya shughuli kubwa ya Mbagala. Wanachomeka, wanafungua. Kumi na moja za kwanza zinapiga. Ya kumi na mbili kimya. Ya kumi na tatu kimya. Majina yapo, ukubwa upo, ndani hamna kitu.

Aliniletea mimi, eti kwa kuwa naandika gazetini nitakuwa najua. Tukaenda steshenari kwa yule kijana mtulivu wa Gerezani, ambaye ana programu ya bure inaitwa H2testw. Kazi yake ni rahisi, inaijaza flashi yote kwa data, halafu inasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Ya kwangu aliishaipima siku niliyoinunua. Ilichukua dakika arobaini na kitu, ikatoka safi, GB zake nane ni za kweli. Ya dogo hatukuipima hadi tulipokwisha kuzitoa zile kumi na moja, maana kipimo hicho kinahitaji flashi iwe tupu. Jibu likaja, kilichokuwa ndani ni chipu ya GB 8. Zilizobaki 120 zilikuwa hadithi.

Unajua madalali wa vyumba hapa Dar? Ana chumba kimoja, anachukua kodi ya watu kumi na sita, kila mmoja anampa risiti. Siku ya kuhamia ndipo mnakutana mlangoni na magodoro yenu. Flashi feki ni dalali yule yule. Kuna kijichipu ndani kinachoiambia kompyuta ukubwa wa flashi, na wajanja wanakifundisha kudanganya. Kompyuta inaamini. Inakupokelea mzigo, inakuandikia jina, na mzigo wenyewe unamwagwa jalalani. Kuna aina nyingine mbaya zaidi, ikijaa inarudi mwanzo na kuandika juu ya vile vya zamani, unapoteza hadi ulivyokuwa navyo.

Ndiyo maana wizi huu unauma kuliko ule wa kuuziwa sabuni kwenye boksi la simu. Sabuni unaigundua ukifungua boksi, pengine bado uko kituoni. Hii inakaa mfukoni mwako wiki na wiki, inafanya kazi vizuri kabisa, ikisubiri ujaze vya kutosha.

Sasa hukumu yangu. Ile ya elfu saba ni mali. Ni ya polepole, kifuniko chake kilipotea siku ya tatu, maandishi yamefutika, na plastiki imeanza kulegea pale inapoungana na bati, nimeifunga kwa gundi ya karatasi. Ila haijanidanganya. Naitumia kubeba, situmii kutunzia. Makala ikishafika kwa mhariri najitumia na nakala kwenye barua pepe, ni KB chache, hata bando la jero linatosha. Kabla ya kuchomoa nabofya kwanza "toa salama", hata foleni ya nyuma yangu ikisonya. Na sinunui kubwa kwa bei ya ndogo, hata muuzaji aniite mrembo mara ngapi. Ukitaka kubwa, nenda duka linalokubali muijaribu kwa kuijaza palepale na linalokuandikia risiti. Litakugharimu zaidi, na ndivyo inavyotakiwa.

Yule mmachinga tulimtafuta siku mbili. Pale alipokuwa anasimama sasa kuna mama anauza soksi.

Dogo amerudi studio. Katika zile kumi na mbili amezirudia tatu. Nyingine mistari imemtoka, na moja alirekodi na rafiki yake ambaye amehamia Mwanza. Amenunua GB 8 mbili, zile zile nyeusi, duka lile lile la Aggrey, tukazipima zote mbili kwa kijana wa Gerezani. Moja anatembea nayo. Nyingine iko Buguruni kwa mama yake, ndani ya kopo la hiliki, na mama amepiga marufuku mtu yeyote kuigusa.