Karatasi Yako Anayo Nani?

Muscat. Mtu wa pwani akifika hapa, siku mbili tatu za mwanzo anaweza kusahau kwamba yuko ugenini. Mzee aliyenikaribisha kahawa mtaa wa Ruwi alizaliwa Unguja, akaondoka baada ya mapinduzi ya 1964, na Kiswahili chake bado ni kile cha Ng'ambo. Nyumbani kwake anafanya kazi binti wa Tanga. Wanataniana, wanabishana kuhusu tui la wali, ukiwasikia kwa nje ya dirisha utadhani ni mtu na mjomba wake. Lakini mzee ndiye kafili, na bataka ya yule binti, kitambulisho cha ukaazi, inasimama kwa udhamini wake. Undugu unaishia hapo.

Kafala, inayotumika kwa sura tofauti Ghuba nzima, humfunga mfanyakazi kwa mtu au kampuni iliyomwombea viza. Kazi ikiisha, ruhusa ya kukaa nayo inatikisika. Oman ilipunguza makali Januari 2021: anayemaliza mkataba hahitaji tena barua ya bosi wa zamani ya kuridhia ndipo ahamie kwa mwingine. Kabla ya hapo, aliyenyimwa barua hiyo alirudi kwao na kusubiri miaka miwili. Dereva mmoja wa Mombasa aliniambia kwamba barua hizo zilikuwa zikiuzwa, na bei ilipanda kulingana na jinsi unavyohitajika. Sasa amehamia kampuni nyingine bila kumwomba mtu radhi.

Yule binti wa Tanga hakuipata neema hiyo kama dereva. Wafanyakazi wa nyumbani wana kanuni zao, nje ya sheria ya kazi ya kawaida, na akitoka nyumbani kwa kafili bila makubaliano anaweza kuripotiwa kuwa ametoroka. Mzee huyu ni mwema, nimemwona. Ila mfumo unaotegemea wema wa mwenye nyumba mimi sijauamini, na nadhani hata yeye hauamini sana, maana bintiye mwenyewe hakumpeleka kufanya kazi mahali pa namna hiyo.

Kuna na kinachoitwa "frii viza". Mtu anauza jina lake kama kafili, unamlipa kila mwaka, kisha unajitafutia vibarua utakako. Ni kinyume cha sheria, na siku ya msako huyo kafili hakujui.

Nilimuuliza mzee: mtu akikaa hapa miaka ishirini, je, atapewa ukaazi wa kudumu? Akacheka. "Mwanangu, hapa watu huja kufanya kazi." Ziko njia za wenye nazo: Falme za Kiarabu zilianzisha viza ya dhahabu 2019, ya hadi miaka kumi, na Oman ikawafungulia wawekezaji mlango wao 2021. Qatar ilitunga sheria ya ukaazi wa kudumu 2018, ikadai miaka ishirini ya kuishi nchini kwa aliyezaliwa nje, tena wasiozidi watu mia kwa mwaka. Mpishi na dereva hawamo kwenye hesabu hizo.

Coventry. Hapa kafili ni leseni. Kampuni inayotaka mfanyakazi kutoka nje lazima iwe na leseni ya serikali, kisha impe mfanyakazi cheti cha udhamini, na cheti hicho ndicho kinachozaa viza. Watu wetu wengi walipitia kazi ya kea, yaani kutunza wazee, ambayo Uingereza iliifungua Februari 2022 baada ya kupungukiwa na wafanyakazi. Mlango ulianza kurudishwa upesi. Kuanzia Machi 2024 wahudumu wapya hawakuruhusiwa kuja na mume, mke au watoto, na Julai 2025 uajiri wao kutoka ng'ambo ukafungwa kabisa.

Dada mmoja kutoka Kisumu alikuwa na cheti halali, viza halali, na saa za kazi zisizofika hata nusu ya alizoahidiwa. Kisha kampuni ikapokonywa leseni. Hakuwa na kosa lolote, lakini barua ilimjia: siku sitini, apate mdhamini mwingine au aondoke. Alikuwa amemlipa wakala wa nyumbani maelfu ya pauni kwa cheti ambacho gharama yake kisheria ni ya mwajiri. Nilipomuuliza kwa nini hakushtaki, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Angeshitaki akiwa na viza ya nani?

Tofauti kubwa na Muscat ni kwamba hapa mwisho wa barabara unaonekana. Kwa kawaida ya viza hizi, baada ya miaka mitano unaweza kuomba kukaa bila kikomo: mtihani wa maswali 24 kuhusu maisha ya Uingereza, upate 18, na ada iliyofika pauni 3,029 kwa kila mtu mwaka 2025. Ukishaipata, bosi akikufukuza unatafuta kazi nyingine kesho yake. Kwa sababu hiyo watu wanavumilia mengi. Na kwa sababu hiyo tangazo la Mei 2025, la nia ya kuifanya mitano kuwa kumi, lilipokewa kwenye nyumba nilizotembelea kama taarifa ya msiba.

Kuhusu misiba yenyewe: mwombaji hatakiwi kuwa nje ya nchi zaidi ya siku 180 katika miezi kumi na miwili yoyote. Nimekuta watu wenye daftari la siku hizo, na mmoja aliyekosa arobaini ya mama yake ili asiivuruge hesabu.

Hamburg nilipita tu. Nilichokiona ni kwamba Wajerumani wameweka kizingiti chao mapema: lugha na vyeti. Vijana wanahangaika na Kijerumani Nairobi na Dar es Salaam kabla hata ya kuwa na mwajiri. Malipo yake ni muda. Mwenye kadi ya buluu ya wataalamu anaweza kupata ukaazi wa kudumu kwa miezi 27, au 21 akifika kiwango cha B1.

Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis. Marekani imeupindua mpangilio wote. Muuguzi aliyeombewa na hospitali kwa njia ya wahamiaji husubiri akiwa kwao, na anaposhuka uwanja wa ndege tayari ni mkaazi wa kudumu. Mateso yako nyuma yake, kwenye foleni. Viza za kudumu za kazi ni takriban 140,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, wake, waume na watoto wakihesabiwa humo humo. Kila mwezi wizara yao ya mambo ya nje hutangaza tarehe iliyofikiwa, na tarehe hiyo hurudi nyuma pia, kama bahari inayokupwa. Wenye viza ya muda ya H-1B wana bahati nasibu yao, na tangu Septemba 2025 mwajiri anayemwita mtu mpya kutoka nje anadaiwa dola 100,000. Kwa hospitali ndogo huo ni mlango uliofungwa kwa adabu.

Wauguzi wawili wa wodi moja walinialika chakula, mmoja wa Kisii, mwingine wa Moshi. Wote walifungwa na wakala kwa mkataba wa miaka kadhaa wenye faini ya kuuvunja, kwa hiyo hata mwenye grin kadi mkononi ana kafili wa namna yake. Ila faini ni deni tu, haimfukuzi mtu nchini. Mkisii, baada ya miaka mitano, aliomba uraia. Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu kubaki Mkenya. Mwenzake hajaomba. Tanzania haikubali mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, naye ana kiwanja Kibaha ambacho hataki kukiandikisha kwa jina la kaka yake. Kadi yake inaisha 2031, na ameshaniambia ataomba nyingine.