Wafua Shaba wa Hajo

Juma hili tunawachukua hadi Hajo, mji mdogo wa mashamba katika jimbo la Assam, kaskazini mashariki mwa India. Hajo ipo ng'ambo ya mto Brahmaputra, si mbali na jiji la Guwahati. Kwa lugha ya Wabodo, wenyeji wa kale wa nchi hiyo, jina hilo lina maana ya kilima. Na kweli ni mahali pa vilima. Kimoja kina hekalu la Wahindu. Juu ya kingine lipo kaburi la Sheikh Ghiyasuddin Auliya, na msikiti uliojengwa mwaka 1657. Hapo huitwa Poa Makka. Poa ni robo ya kipimo, na wenyeji husimulia kuwa sheikh huyo alikuja na robo ya udongo wa Makka. Nasi twasema: Makka haina nusu wala robo yake popote, ila mapenzi ya watu hao kwa mji mtukufu hayafichiki.

Lililotugusa zaidi ni jina la Wamoria, mafundi Waislamu wa huko. Mwaka 1532 jemadari Turbak aliongoza jeshi kutoka Bengal kuivamia dola ya Waahom. Mwaka uliofuata aliuawa, na askari wake wengi wakatekwa. Mateka walipewa kazi ya kukata majani ya tembo, hawakuiweza. Wakapewa kilimo, kikawashinda. Walipoachwa wajitafutie riziki, wakashika nyundo, wakafua shaba ya manjano kuwa mitungi na masinia. Wapo wasemao kuwa jina Moria latokana na neno la Kiassam la kupiga, kama nasi tumwitavyo fundi mfua dhahabu kwa huko kufua kwake.

Mwaka 2019 orodha ya raia wa Assam iliwaacha nje watu zaidi ya milioni 1.9. Wengine walitiwa shaka kwa kuwa jina la babu liliandikwa hivi katika hati hii, na vile katika ile. Julai 2022 ndipo serikali ya jimbo ilipowatambua Wamoria kuwa Waislamu wenyeji wa Assam, karibu miaka 490 tangu wazee wao kutekwa.

Enyi kina mama, jina ni amana. Waulizeni wazee wangali hai, yaandikeni majina ya mababu na mabibi kwa usahihi, na muwasimulie watoto yalikotoka.