Njia ya Mbwa: Kumbukumbu kutoka Nyakasimbi

Katika nyanda za juu za Karagwe, heshima aliyopewa mnyama ilitegemea kwa muda mrefu nafasi yake katika maisha ya ukoo, na katika ngazi hiyo ng'ombe wa pembe ndefu alisimama juu kabisa: alipewa jina, alisifiwa kwa tungo, na sanamu zake za chuma zilihifadhiwa Bweranyange, makao ya watawala wa zamani, pamoja na vifaa vingine vya kifalme. Mbwa, aitwaye embwa kwa Kinyambo, lugha ya Wanyambo ambao ndio wenyeji wa eneo hilo, hakuwa na sanamu wala tungo. Alithaminiwa kwa uwindaji, ambapo alivishwa kengele ndogo shingoni ili wawindaji wajue alipo ndani ya nyasi ndefu. Kazi ilipokwisha, kengele ilivuliwa na kuvishwa mwingine.

Kumbukumbu hii inafuatilia jinsi mpangilio huo ulivyobadilika katika kaya moja ya Nyakasimbi, kwenye ardhi ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa wilaya moja na Kyerwa ya leo. Uwindaji wa jadi ulififia kadiri mapori yalivyohifadhiwa, hadi Ibanda na Rumanyika, yaliyokuwa mapori ya akiba, yakapandishwa hadhi mwaka 2019 kuwa hifadhi za taifa. Mbwa alibaki kulinda mbuzi malishoni na kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Hofu ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishaanza ni nadra sana mtu kupona, ilimweka mbali na mikono ya watoto, na ni chanjo iliyomruhusu kusogea hadi barazani.

Ndivyo alivyosogea jike mmoja wa rangi ya kahawia, ambaye mwandishi wa kumbukumbu hii alichunga naye mbuzi tangu utotoni, na ambaye alikufa kwa uzee akiwa amekwisha kuacha kubweka. Badala ya mzoga kutupwa porini, kama ilivyokuwa kawaida ya kaya hiyo, ulizikwa pembezoni mwa kibanja, chini ya mgomba. Kiswahili chenyewe huonyesha ugumu wa nafasi aliyokuwa nayo, kwa kuwa baadhi ya maneno ya udugu na urafiki huchukua kimilikishi "yangu", kama katika "ndugu yangu" na "rafiki yangu", ilhali mbwa hubaki "mbwa wangu": lugha humtambua kuwa kiumbe hai, lakini haimwingizi katika ukoo.

Kwa wiki mbili mwandishi aliukwepa mlima uliokuwa malisho yao. Mvua za Septemba zilipoanza, alipanda asubuhi moja bila mbuzi wala mundu, jambo lililohitaji maelezo kwa kila aliyekutana naye, kwa sababu kijijini mtu hapandi mlima bila shughuli. Japani, ambako mwaka 1982 mamlaka ya misitu iliipa jina la shinrin-yoku desturi ya kutembea msituni kwa ajili ya utulivu, jibu lingekuwa jepesi. Nyakasimbi ilimlazimu kusema kwamba anatafuta kuni.

Juu ya mgongo wa mlima, ambako mawe magumu yamejitokeza, yakiwa sehemu ya mfumo wa miamba ambao wanajiolojia wameupa jina la Karagwe-Ankole, aligundua kwamba njia aliyoizoea haikuwa fupi wala nyoofu. Ilipinda kwenye kichuguu ambako mbwa alinusa kwale, ikarudi nyuma hadi kivuli cha mgunga, kisha ikateremka kuelekea bonde la mafunjo ambako alikunywa maji, kwa hiyo miaka yote mchungaji ndiye aliyekuwa akiongozwa. Faraja ilitokana na ugunduzi huo kuliko uzuri wa mandhari, kwani kila kona ilileta kumbukumbu moja tu, kwa zamu yake, na hatua iliyofuata iliiacha pale pale ilipokuwa, tofauti na nyumbani ambako zote zilikuja kwa pamoja usiku.

Bibi mmoja jirani, ambaye kibanja chake kinapakana na njia hiyo, alimwona akirudi mikono mitupu na hakuuliza kuni ziko wapi. Kwa kuwa desturi haikumruhusu kusema "pole na msiba" kwa ajili ya mbwa, alisema, "Pole na safari, mjukuu wangu," naye akajibu, "Asante, bibi." Salamu hiyo ilirudiwa kwa majuma mengi, bila mbwa kutajwa, hadi kahawa ilipoiva na mwandishi, akiteremka na mbuzi wake kwa njia ile ile iliyopinda, alipojikuta akitoa jibu ambalo Waswahili humpa anayewapa pole pale inapokuwa imefanya kazi yake: "Nimeshapoa, bibi."