Mrehani wa Ghorofa ya Nne

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nalo hilo si la kubishaniwa. Binti mmoja wa mwaka wa pili, mzawa wa Kisauni, aliinama hadi akapiga magoti kando ya njia jijini Nairobi akichota udongo mwekundu kwa sahani ya plastiki. Chumbani mwake, ghorofa ya nne, vilimngoja vitawi vinne vya mrehani alivyopewa na mamake vikiwa vimeviringishwa katika kitambaa kibichi. Shina lenyewe lilikuwa limekwisha kung'olewa na ua kumiminiwa saruji. Waama, hilo halikuwa pambo tu la dirishani. Ndilo lililosalia la mrehani ambao nyanyake alikuwa akiuchuma kutungia vikuba.

Akapanda viwili. Udongo mwekundu wa Nairobi ni hazina shambani, ambako minyoo na mizizi huupasulia njia za hewa na maji. Ndani ya kopo, hata hivyo, hushikamana kila unapomwagiliwa, na ukikauka huwa mfano wa tofali. Majani yaliponyauka, binti alidhani ni kiu, akazidisha maji. Kumbe mizizi ilikuwa ikioza kwa kukosa hewa! Majuma mawili hayakwisha kabla ya vitawi hivyo kuwa vyeusi shinani. Viwili vilivyobaki akavitia katika bilauri ya maji, navyo vikachipuza mizizi myeupe. Hivyo sasa havikuwa vya kufanyiwa majaribio.

Akiwa na shilingi 500 za matumizi ya juma zima, aliingia katika duka kubwa la kujihudumia. Mifuko ya udongo ilikuwa imepambwa kwa picha za mawaridi. Wa bei nafuu ulikuwa mzito ajabu, akaufurahia uzito huo kama anunuaye sukari. Hapo ndipo wengi hupotoka. Mfuko mzito aghalabu ni udongo wa kawaida uliochekechwa, au uliolowa, na mnunuzi hulipia maji. Alichomwokoa ni ufukara: angeununua, asingebakiwa na nauli.

Akaelekea kwenye kitalu cha miche kilichokuwa kando ya barabara.

"Shikamoo, mzee. Nataka udongo wa kupandia ndani ya nyumba."

"Marahaba, binti yangu. Mchanga uko, tena mzuri."

Binti akageuka aende zake, kwani kwao mchanga ni ule wa ufuoni. (Wanaisimu wenzake wamekwisha kuandika kurasa nyingi kuhusu tofauti za msamiati wa bara na pwani, si wengi ambao tofauti hizo nusura ziwaulie mmea.) Mzee akacheka, akatia mkono guniani.

"Finya huu," akamwambia.

Akaufinya. Ulishikana kiganjani, na alipougusa kwa kidole ukamomonyoka. Ungebaki donge, mzee alieleza, haungefaa kopo. Kisha akamtaka aunuse: ukinuka zizi, samadi haijaiva nayo itaunguza mizizi, huu ulinukia msitu baada ya mvua. Ulikuwa na mboji, vijiwe vyepesi vya volkano vya kupitisha maji na hewa, na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Makumbi! Yale yale yanayofukiwa matopeni huko pwani ili yasokotwe kamba! Hushika unyevu bila kugandamana, ijapokuwa yenyewe hayana chakula cha kutosha mmea, ndiyo maana mboji haikosi.

Mfuko usio na jina wala waridi ulimgharimu sehemu ndogo ya fedha zake. Mbolea za chupa alizoonyeshwa hakuzinunua, nayo ilikuwa hekima. Badala yake alinunua kopo lenye matundu chini, maana hata udongo bora ukizibiwa njia ya maji hugeuka kinamasi.

Baada ya mwezi, majani mapya yalipoanza kunukia, alimpigia mamake simu.

"Umeupanda kwa udongo gani, mwanangu?"

"Wa kununua, mama."

"Udongo unauzwa?"

Akamweleza habari ya makumbi. Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza iwapo dirisha lile hupata jua la asubuhi.